Neno Moja Kabla ya Jina: Mchoro wa Matunda wa Kiholanzi Unavyopata Bei Mnadani

Tuchukue michoro miwili ya rangi ya mafuta, yote ya Uholanzi, yote ya karne ya 17. Kila mmoja una meza yenye kitambaa cheusi, sahani ya fedha iliyokaa ukingoni kana kwamba itaanguka, zabibu, pichi mbili, kambakochi mwekundu, na limau lililomenywa nusu huku ganda lake likining'inia. Mtu asiye mzoefu akisimama hatua tatu nyuma hawezi kuitofautisha. Hata hivyo mmoja unaweza kuuzwa London kwa pauni milioni tatu, na wa pili, wiki hiyohiyo na pengine na dalali yuleyule, ukaondoka kwa elfu kumi na tano.

Tofauti hiyo usiitafute kwenye matunda, itafute kwenye katalogi. Wengi wetu tunadhani mnadani panauzwa uzuri. Uzuri upo, lakini pesa nyingi hulipwa kwa ajili ya uhakika: ni nani aliyeshika brashi, ni kiasi gani cha rangi yake kimebaki, na mchoro umepitia mikono ya nani hadi kufika hapo. Ukishajua kusoma mambo hayo matatu, bei zinazoonekana za kichaa zinaanza kueleweka. Si zote, lakini nyingi.

Tuanze na jina. Jina likiandikwa peke yake, tuseme la mchoraji wa matunda Jan Davidsz. de Heem, bila neno lolote mbele, nyumba ya mnada inatamka kuwa kwa maoni yake huyo ndiye mchoraji. Likitanguliwa na "unahusishwa na", maana yake ni kwamba huenda ni kazi yake, yote au sehemu, lakini hawako tayari kuapa. "Karakana ya" ni mchoro uliotoka kwenye chumba chake cha kazi, pengine akiwa anasimamia, ila mkono ni wa mwanafunzi au msaidizi. "Mduara wa" ni mtu wa zama zake aliyeathiriwa naye. "Mfuasi wa" yuko mbali zaidi, anafuata mtindo wake bila lazima ya kuwahi kumwona. "Kwa namna ya" ni kazi ya baadaye kabisa, labda karne mbili baadaye. Mwisho kuna nakala, ambayo haina hata haja ya kujidai kitu kingine. Kila ngazi unayoshuka, bei haipungui kidogokidogo, inaporomoka.

Sahihi nayo ina mitego yake. Katalogi ikisema mchoro "umetiwa sahihi", wanaamini mchoraji mwenyewe ndiye aliyeandika. Ikisema "una sahihi" au "unabeba sahihi", wanakuambia kwa adabu kwamba aliyeandika ni mtu mwingine. Mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa na mchoro mzuri usio na jina hakupata shida kumpa fundi brashi nyembamba aongeze herufi chache pembeni. Mteja alifurahi, na sisi tumerithi kesi. Ndiyo maana dhamana ya nyumba kubwa, ambayo kwa Christie's na Sotheby's kwa kawaida ni miaka mitano, hushikilia kile kilichoandikwa kwenye kichwa cha maelezo. Sifa zinazomwagwa kwenye aya za chini, jinsi nuru inavyocheza juu ya zabibu na kadhalika, hazimfungi mtu.

Kwa nini lakini pawe na utata mkubwa hivi? Kwa sababu ya jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa. Katika miji ya Uholanzi ya karne ile, Haarlem, Utrecht, Middelburg, Amsterdam, wachoraji walikuwa mafundi kama mafundi wengine, wenye chama chao cha Mtakatifu Luka, na mwanagenzi aliyekaa kwa bwana wake alichora kile bwana alichomwagiza. Kazi hiyo ilikuwa mali ya bwana. Wateja hawakuwa wafalme na maaskofu peke yao, walikuwepo pia waokaji mikate, wauza vitambaa na mawakili. Mchoro wa matunda ulikuwa bidhaa iliyotoka, kwa hiyo ulichorwa na kurudiwa.

De Heem ni mfano mzuri wa fujo hiyo. Alizaliwa Utrecht mwaka 1606, akahamia Antwerp katika miaka ya 1630, akarudi Utrecht, akaishia tena Antwerp. Mwanawe Cornelis alichora matunda kwa namna inayokaribiana mno na ya baba. Abraham Mignon, aliyefanya kazi naye Utrecht, aliubeba mtindo huo hadi kifo chake mwaka 1679. Ongeza waigaji wa miji miwili, kisha waigaji wa karne ya 18 na 19, halafu umwambie mtu akuthibitishie kwamba zabibu hizi ni za baba na si za mtoto. Wanaoweza kusema na soko likasikiliza ni wachache. Hazina ya picha na kumbukumbu wanayoitegemea iko The Hague, katika taasisi ya historia ya sanaa ijulikanayo kama RKD. Ukiona chini ya maelezo ya katalogi sentensi ya kumshukuru mtaalamu fulani kwa kuthibitisha mchoraji, usiipite. Sentensi hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko fremu, ubao na matunda kwa pamoja.

Jambo la kushangaza ni kwamba wenyewe wa zamani hawakuiheshimu sana aina hii ya uchoraji. Samuel van Hoogstraten, mchoraji na mwandishi, aliwaita wachoraji wa vitu visivyo na uhai askari wa kawaida katika jeshi la sanaa. Hiyo ilikuwa 1678. Ngazi za juu alizihifadhi kwa wachoraji wa visa vya Biblia na historia. Soko la leo limempuuza: visa vingi vya Biblia vya zama zile vinalala bila mnunuzi huku stroberi zikigombaniwa.

Na tukizitaja stroberi, lazima tumtaje Adriaen Coorte. Maisha yake hayajulikani karibu kabisa. Alichora Middelburg na vitongoji vyake kati ya miaka ya 1680 na mwanzo wa karne ya 18, na karatasi ya maana iliyobaki inayomtaja ni ya chama cha wachoraji cha Middelburg, mnamo 1695 au 1696, kikimtoza faini kwa kuuza michoro bila kuwa mwanachama. Wakati wenzake wakijaza meza kwa fedha, kauri na kambakochi, yeye aliweka kitu kimoja tu juu ya ukingo wa jiwe: fungu la asparaga, pichi tatu, tawi la matunda madogo ya porini. Nyuma pana giza tupu. Mchoro wake wa stroberi za porini wa 1705, ulioko makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, una urefu wa sentimita 16.5 na upana wa 14, mdogo kuliko ukurasa wa daftari la shule. Mara nyingi alichora juu ya karatasi, ambayo ilibandikwa kwenye ubao.

Baada ya kufa alisahaulika. Kwa zaidi ya miaka 200 jina lake halikumwambia mnunuzi kitu, na kazi yake ilipita kwenye minada midogo kwa bei ya kitu cha kujazia ukuta. Katika miaka ya 1950 mkurugenzi wa makumbusho ya Dordrecht, Laurens J. Bol, alianza kuikusanya na kuiandikia, na mwaka 1958 akaiweka kwenye maonyesho. Mwaka 2008 Mauritshuis ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Leo michoro yake kadhaa imevuka pauni milioni moja mnadani. Stroberi ni zilezile na sentimita ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna jina, kuna kitabu, na kuna orodha ya kazi zinazojulikana ambayo haifiki mia moja. Mimi nampenda Coorte kuliko De Heem, nakiri, lakini sidai kwamba soko linakubaliana nami kwa sababu ya macho mazuri. Uchache una sauti kubwa.

Tuje sasa kwenye mwili wa mchoro, maana jina likishathibitika bado kuna swali: umebaki kiasi gani?

Mchoro wa miaka 370 ni mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi. Umesafishwa, umepakwa vanishi, vanishi ikageuka njano, ikafutwa, na kila mfutaji aliondoka na chembe za rangi. Rangi ya juu kabisa, ile nyembamba kama pumzi, ndiyo iliyobeba manyoya ya pichi, ukungu mweupe juu ya zabibu na tone la maji kwenye jani. Ndiyo inayotangulia kuondoka. Zabibu zilizosuguliwa sana hubaki kama gololi: duara lipo, mng'ao upo, lakini haziliki. Mnunuzi mwerevu huangalia hapo kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kisha huangalia majani. Ukitazama michoro mingi ya matunda na maua ya Kiholanzi utaona majani ya buluu, wakati mwingine buluu kabisa, kana kwamba mizabibu ya kule ilikuwa na ugonjwa. Mchoraji hakukosea. Alitengeneza kijani kwa kuweka buluu na juu yake, au ndani yake, rangi ya njano iliyotokana na mimea. Njano hiyo haivumilii mwanga. Ikafifia, buluu ikabaki peke yake. Nyekundu za cheri na stroberi zilizopakwa kwa rangi laini ya aina hiyo hupauka vilevile. Kinyume chake, limau hukaa. Njano yake mara nyingi ilitengenezwa kwa risasi na bati, mchanganyiko mgumu uliotumika hadi karibu katikati ya karne ya 18, kisha ukaachwa na kusahaulika mpaka watafiti walipoutambua tena mwaka 1941. Kwa hiyo unaweza kukuta mchoro ambao limau linang'aa kama limekatwa asubuhi, na jani lililo kando yake ni buluu ya maiti.

Kusahaulika huko kumewasaidia wapelelezi. Mwigaji wa karne ya 19 hakuijua njano ile ya risasi na bati, kwa hiyo limau lake lina njano nyingine. Rangi iitwayo buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ikionekana ndani ya mchoro unaodaiwa kuwa wa 1650, ama mtu aliugusa baadaye ama hadithi nzima ni uongo. Weupe wa titani ni wa karne ya 20. Kwa mchoro uliofanywa kwenye ubao wa mwaloni, wataalamu huhesabu pete za mti na kujua mti ulikuwa bado hai angalau hadi mwaka gani. Mbao nyingi zililetwa kutoka nchi za Baltiki, na pete zake zimeshaorodheshwa. Kipimo hiki kina mpaka wake, na wauzaji hupenda kuusahau: kinaweza kusema kwamba mchoro hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka fulani, lakini hakiwezi kusema ulichorwa lini wala na nani. Ubao mkuukuu uliweza kununuliwa na tapeli pia.

Taa ya urujuanimno ni ya bei rahisi na inasema mengi. Chumba kikizimwa taa na mwanga huo ukawashwa, vanishi ya zamani hung'aa kwa ukijanikijani, na sehemu zilizoguswa na fundi wa ukarabati huonekana kama madoa meusi. Madoa machache pembeni hayamtishi mtu. Madoa yakiwa juu ya pichi yenyewe, mkono unaoinuliwa kutaja bei unakuwa mzito.

Kuna kitu kingine ndani ya michoro hii ambacho msomaji wa pwani yetu atakitambua upesi. Ni bakuli jeupe lenye michoro ya buluu ambalo mara nyingi hubeba matunda. Ni kauri ya Kichina ya zama za mfalme Wanli, aliyetawala hadi 1620. Uholanzi ilianza kuipata kwa wingi kwa njia ya uporaji. Mwaka 1602 merikebu ya Kireno San Jago ilitekwa karibu na kisiwa cha Saint Helena, na shehena yake ikauzwa Middelburg. Mwaka uliofuata Jacob van Heemskerck akaiteka Santa Catarina karibu na Singapore, na mnada wake wa Amsterdam mwaka 1604 ukaleta zaidi ya gulden milioni tatu, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Kauri za namna hiyo zilikuwa zinafika pwani ya Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi karne kadhaa kabla. Ukienda kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi utaona mahali zilipopachikwa kwenye chokaa, na Fort Jesus ina vipande vyake. Mholanzi aliichora kwenye ubao, Mswahili aliijengea kwenye kaburi na msikiti, na wote wawili walikuwa wanaonyesha jambo lilelile: nyumba hii ina watu wanaofika mbali. Kwa mwenye kukadiria tarehe, hata hivyo, bakuli ni shahidi dhaifu, kwa sababu lilirithiwa. Coorte aliweka stroberi ndani ya bakuli la Wanli mwaka 1704, likiwa na umri wa karibu karne nzima.

Kuhusu maana za kidini, nzi kama ishara ya kuoza, zabibu kama damu ya Kristo, wanazuoni wamebishana kwa miongo na hawajamaliza. Soko halisubiri. Nzi aliyechorwa vizuri huongeza bei kwa sababu amechorwa vizuri.

Swali la tatu ndilo linaloweza kuua mauzo hata kama mengine yote yako sawa: mchoro ulikuwa wapi kati ya 1933 na 1945, miaka ya utawala wa Wanazi? Jacques Goudstikker alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa michoro ya kale Amsterdam, Myahudi. Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia alikimbia kwa meli pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Usiku, ndani ya meli, alitumbukia kwenye tundu la shehena akafa. Mfukoni alikuwa na daftari dogo jeusi lenye orodha ya michoro 1,113. Nyuma yake, mali ikachukuliwa kwa mauzo ya kulazimishwa, na sehemu kubwa ikaenda kwa Hermann Göring, kigogo wa Kinazi. Baada ya vita michoro iliyorudishwa Uholanzi haikurudi kwa familia, ilitawanywa kwenye makumbusho ya serikali. Ilichukua hadi Februari 2006 kwa serikali hiyo kukubali kurudisha michoro 202 kwa warithi, na mwaka 2007 Christie's ikaanza kuiuza mingi yake. Daftari lile bado linatumika, kwa kuwa mamia ya michoro iliyomo haijapatikana.

Ndiyo maana chini ya kila mchoro wa thamani kuna mlolongo wa wamiliki: fulani, Rotterdam, mnada wa mwaka fulani, kwa urithi kwa fulani. Pengo la miaka kumi katika karne ya 18 halimsumbui mtu. Pengo la 1938 hadi 1948 linawafanya wanasheria wa makumbusho kufunga katalogi. Mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana mjini Washington juu ya kanuni za kushughulikia mali ya sanaa iliyoporwa na Wanazi. Kanuni hizo si sheria, lakini sokoni zina nguvu: mchoro wenye doa hilo hauuziki kwa mtu mwenye jina la kulinda.

Sasa siku ya mnada. Katalogi imeweka makadirio, tuseme dola milioni 3 hadi 4. Chini yake kuna bei ya siri ambayo muuzaji hakubali kushuka, na kwa kawaida haizidi makadirio ya chini. Dalali anaanza chini ya hapo. Hadi bei ya siri ifikiwe anaruhusiwa, na masharti yanasema hivyo waziwazi kwa anayeyasoma, kutaja bei kwa niaba ya muuzaji. Kwa hiyo unaweza kumwona akielekeza kidole ukutani, bei ikipanda, na ukumbini hakuna aliyefumbua mdomo. Nyundo ikigonga mezani, hiyo ndiyo bei ya nyundo, na siyo bei utakayolipa.

Juu yake kuna ada ya mnunuzi, iliyoingizwa London na nyumba zote mbili kubwa mwaka 1975. Kwa viwango ambavyo Sotheby's ilianza kutoza Februari 2025, ilikuwa asilimia 27 kwa dola milioni 2 za kwanza, kisha asilimia 22 kwa kiasi kinachofuata hadi milioni 8. Kwa viwango hivyo, nyundo ikigonga dola milioni 2.8, unaongeza 540,000 na 176,000, unalipa milioni 3.516 kabla ya kodi na usafiri. Angalia kilichotokea hapo. Makadirio hupigwa bila ada, lakini bei inayotangazwa kwa waandishi wa habari ina ada ndani yake. Mchoro ulioshindwa kufika makadirio ya chini unatangazwa kana kwamba umetua katikati ya makadirio, na gazeti linaandika hivyo.

Nyumba hizi si za kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa, na mahakama zimewahi kuona hivyo. Christie's na Sotheby's zilibainika kupanga pamoja kiwango cha kamisheni katika miaka ya 1990, zikalipa wateja fidia ya dola milioni 512, na mwenyekiti wa zamani wa Sotheby's, Alfred Taubman, akafungwa.

Wasomaji wa Naivasha watasema mnada wa Kiholanzi wanaoujua hauendi hivi, na ni kweli. Kule Aalsmeer, Uholanzi, ambako waridi za Kenya huuzwa, saa ya mnada huanza na bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mwenye mali. Mfumo ule unafaa kwa maua yanayonyauka kesho. Matunda ya De Heem yameshasubiri karne tatu na nusu, kwa hiyo bei hupandishwa taratibu, watu wakipewa muda wa kutamani.

Na kama hakuna aliyefika bei ya siri? Dalali hutamka haraka kwamba umepita, na anaingia mchoro unaofuata. Kwenye hifadhidata za bei, ambazo kila mfanyabiashara anazifungua kwenye simu yake, rekodi hiyo inabaki: ulitolewa tarehe fulani, kwa makadirio fulani, haukuuzwa. Wanasema umeungua. Muuzaji akiurudisha baada ya miezi sita atakuta kila mtu anauliza kasoro iko wapi, hata kama haipo. Ushauri anaopewa ni kuupeleka kwa mfanyabiashara auze kimyakimya, au kuurudisha ukutani na kungoja miaka kadhaa, kisha kuuleta tena ukiwa na makadirio ya chini zaidi na, akibahatika, neno moja pungufu mbele ya jina.